Pierre Poivre na Miche ya Basibasi

Basibasi, ule utando mwekundu uvikao kokwa ya kungumanga, leo husagwa ukatiwa kidogo tu katika biriani na keki. Lakini zamani Waholanzi waliuhodhi huko Visiwa vya Banda, na aliyetorosha miche aliadhibiwa vikali.

Pierre Poivre, Mfaransa aliyezaliwa Lyon mwaka 1719, aliazimia kuuvunja uhodhi huo. Mwaka 1745 alijeruhiwa na mzinga wa Waingereza baharini, hata akakatwa mkono wa kulia, hakukata tamaa. Alipokuwa msimamizi wa Mauritius na Réunion tangu 1767, alituma watu kwa siri, nao mwaka 1770 wakarejea na miche ya mikungumanga na mikarafuu.

Alifariki mwaka 1786. Mikarafuu ya Unguja asili yake ni visiwa hivyo.