Mama wa Kabaka aliyetaka kuolewa tena: kisa cha Drusilla Namaganda

Haya wadau, ikitajwa harusi ya kifalme kila mtu anakimbilia London. Wengi mnamjua Mfalme Edward VIII, aliyeachia kiti Desemba 1936 kwa sababu ya Wallis Simpson, mwanamke ambaye waume zake wawili wa zamani walikuwa bado hai. Kanisa la Anglikana likasema haiwezekani. Lakini sisi wa Mwamanyili hatuna haja ya kwenda mbali. Ng'ambo ya ziwa letu, Buganda, miaka mitano tu baadaye ilitokea kasheshe ya aina hiyo hiyo, tena kanisa ni lile lile. Mhusika ni mama mmoja anaitwa Irene Drusilla Namaganda.

Huyu mama alikuwa binti wa mchungaji, wa ukoo wa Nte, yaani ng'ombe (Wasukuma mpo hapo?). Mwaka 1914 alifunga ndoa ya Kikristo na Kabaka Daudi Chwa II, yule aliyewekwa kwenye kiti mwaka 1897 akiwa mtoto wa mwaka mmoja. Novemba 1924 wakamzaa Edward Mutesa. Chwa naye, kama wafalme wengi, alikuwa na wanawake wengine na watoto kibao, ila ndoa ya kanisani ilikuwa hii.

Novemba 1939 Chwa akafariki. Mutesa akachaguliwa kuwa Kabaka akiwa na miaka 15 tu, na mama yake akawa Namasole. Msidhani hicho ni cheo cha kupamba. Namasole ana ikulu yake, kilima chake na watu wake. Ila kuna sharti: kwa mila ya Buganda mama wa Kabaka haolewi tena. Basi.

Mwaka 1941 Namaganda akasema anataka kuolewa. Na si na chifu wala mwana wa mfalme, ni kijana wa kawaida tu, Peter Kigozi. Hapo ndipo ngoma ikaanza.

Askofu wa Uganda wakati huo alikuwa Mwingereza, Cyril Stuart. Kwake hesabu ilikuwa rahisi: mume amekufa, mjane yuko huru, ruksa. Waziri mkuu wa Buganda, yaani Katikiro, Martin Luther Nsibirwa, naye akaunga mkono. Ndoa ikafungwa.

Watu wakachachamaa! Na si wapagani, jamani. Wengi waliopinga walikuwa Wakristo wazuri tu, wa kusali kila Jumapili. Waliona askofu na wakoloni wamemvunjia heshima Kabaka mwenyewe. Nsibirwa akalazimika kujiuzulu mwaka huo huo, nafasi ikaenda kwa Samuel Wamala. Namaganda akapoteza cheo cha Namasole. Nsibirwa alirudishwa 1945, lakini Septemba 5 mwaka huo akapigwa risasi na kufa mlangoni mwa kanisa kuu la Namirembe. Safari hiyo ugomvi ulikuwa wa ardhi ya Makerere, ila jina lake lilishachafuka tangu harusi ile.

Sasa mcheki mwanawe. Mutesa alimwoa Damali Kisosonkole hapo Namirembe mwaka 1948. Baadaye akapendana na dada wa mkewe, Sarah, aliyemzalia Ronald Mutebi mwaka 1955. Lakini kwa kanuni ya kanisa, Damali akiwa hai hakuna harusi ya pili. Kwa hiyo mama alikubaliwa na kanisa akakataliwa na mila. Mtoto mila ilimruhusu wake wengi, kanisa likagoma.

Huko Uingereza mambo yalilegezwa. Mwaka 2002 kanisa liliruhusu baadhi ya waliotalikiana kufunga ndoa tena kanisani. Charles na Camilla mwaka 2005 walifunga ndoa ya serikali kisha wakabarikiwa, na mwaka 2018 Meghan, aliyekuwa na talaka, alifunga kanisani kabisa.

Huku kwetu je? Kwa Kisukuma ndoa ikivunjika, wazee wanakaa, ng'ombe wa mahari wanarudishwa, mwanamke anakuwa huru. Shangazi yangu ng'ombe zake zilirudi wote wakihesabiwa, akaolewa tena, ana amani. Lakini kanisani kwake hashiriki meza ya Bwana mpaka leo, anakaa benchi la nyuma. Yule wa kwanza aliyekuwa akimpiga, kwa kuwa hakuoa tena, anashiriki kama kawaida.

Mimi naona Namaganda alikuwa na haki. Alikuwa mjane, hakumwibia mtu mume, hakumdanganya mtu, alikwenda mwenyewe kuomba ruhusa kanisani. Kosa lake lilikuwa ni kumzaa Kabaka.

Nyie mnasemaje? Mama yako mjane akikuambia kesho anaolewa na kijana wa kawaida, utampeleka kanisani au utamwekea kikao? Tiririkeni hapo chini, ila matusi hapana.