Chilembwe na vita vilivyodhaniwa kuwa mwisho wa dunia

Wafanyabiashara wanaovuka Kasumulu kwenda Karonga, Mzuzu au Lilongwe wanaifahamu sura yake, hata wale wasiojua habari zake. Ndiye aliye kwenye noti za kwacha 500 na 2,000, na kila Januari 15 Malawi hupumzika kumkumbuka. Ni Mchungaji John Chilembwe, aliyeuawa Februari 3, 1915, siku chache baada ya kuongoza uasi dhidi ya Waingereza.

Husimuliwa kama mpigania uhuru wa mwanzo, na ndivyo alivyokuwa. Lakini uasi wake ulizuka wakati Wakristo wengi wa Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa enzi hizo, waliamini kuwa vita vya Wazungu ni dalili ya siku za mwisho. Habari zake haziwezi kutenganishwa na imani hiyo.

Mtumishi wa nyumbani aliyefika Marekani

Chilembwe alizaliwa Chiradzulu, kusini mwa nchi, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Mwaka 1892 alipata kazi ya nyumbani kwa Joseph Booth, mmisionari Mwingereza aliyetofautiana na wenzake kwa kusema wazi kuwa Afrika ni ya Waafrika. Mwaka 1897 Booth alisafiri naye hadi Marekani. Huko Chilembwe alisoma chuo cha theolojia cha watu weusi mjini Lynchburg, Virginia, akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kibaptisti.

Alirudi mwaka 1900, akaanzisha misheni ya Providence Industrial Mission huko Mbombwe. Alijenga shule, akapanda mazao ya biashara na kuwavuta Waafrika wachache waliokuwa na maduka na mashamba yao. Mwaka 1913 alikamilisha kanisa kubwa la matofali.

Jirani yake lilikuwa shamba la Magomero, lenye zaidi ya ekari 160,000. Wapangaji wa humo walilipa kodi ya ardhi kwa nguvu zao, kwa utaratibu ulioitwa thangata, ambao mara nyingi ulivuka mipaka waliyokubaliana. Msimamizi wake, William Jervis Livingstone, alisifika kwa ukali, na nyumba za sala ambazo watu wa Chilembwe walijenga ndani ya shamba zilichomwa moto.

Unabii wa Oktoba 1914

Wakati huo Booth alikuwa amekutana na mafundisho ya Charles Taze Russell, mhubiri wa Marekani aliyepiga hesabu za Biblia na kutangaza kuwa zama za mataifa zingekoma Oktoba 1914. Mwanafunzi mwingine wa Booth, Elliot Kamwana, aliyapeleka mafundisho hayo kwao, mwambao wa magharibi wa Ziwa Nyasa, mwaka 1908. Katika miezi michache alibatiza karibu watu 10,000. Alihubiri kwamba Kristo akija, Waingereza wataondoka na kodi ya kibanda itakoma. Serikali ilimfukuza nchini mwaka 1909, lakini tarehe aliyoitaja ilibaki vichwani mwa watu.

Kisha Agosti 1914 vita vikaanza Ulaya. Kwa aliyekuwa akihesabu miezi, hilo halikuonekana kama jambo la kubahatisha. Injili ya Mathayo, sura ya 24, inataja taifa kuinuka dhidi ya taifa, pamoja na njaa. Kusini mwa Nyasaland njaa ilikuwa imepita mwaka mmoja tu kabla. Wengi walishika dalili hizo na kusahau kuwa sura hiyohiyo inaonya kwamba vita peke yake si mwisho, na kwamba siku yenyewe haijulikani.

Septemba 9, 1914, vita vilifika Karonga. Wanajeshi wa Kiingereza na Waafrika waliokuwa chini yao walipambana na jeshi la Wajerumani lililotoka upande ambao leo ni Tanzania. Waafrika walikufa pande zote mbili. Baada ya hapo msako wa askari na wapagazi ukaongezeka. Nyasaland waliitwa tengatenga. Upande wa kaskazini wapagazi wa namna hiyo ndio waliokiachia Kariakoo jina lake.

Swali la nani afe

Chilembwe hakuwa mfuasi wa Russell, na hakuacha maandishi yanayotaja tarehe ya mwisho wa dunia. Wanahistoria bado wanabishana imani ya siku za mwisho ilimgusa kiasi gani, ingawa baadhi ya waliomzunguka waliifuata. Kinachojulikana ni kwamba Novemba 1914 aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times. Alihoji kwa nini Mwafrika asiye na mali afe katika ugomvi usiomhusu, na kutaka matajiri, wenye benki, wafanyabiashara wakubwa na wenye mashamba ndio waende mstari wa mbele. Mkaguzi wa serikali alilizuia toleo hilo.

Wafuasi wa Kamwana waliviona vita kama kazi ya Mungu, na kazi yao ikawa kungoja. Chilembwe aliviona kama kazi ya watu, yenye faida kwa wengine na makaburi kwa wengine. Oktoba ilipita bila mbingu kufunguka. Yeye, akiwa na madeni, pumu na macho yanayofifia, akaamua kutongoja.

Usiku wa Januari 23, 1915, watu wake waliivamia Magomero. Livingstone aliuawa na kukatwa kichwa, na Wazungu wengine wawili wakafa. Wanawake na watoto hawakudhurika. Kwa mujibu wa simulizi ya George Simeon Mwase, iliyoandikwa miaka ya 1930, Chilembwe aliwaambia wafuasi wake kuwa wanakwenda kupiga pigo moja kisha wafe, na akawakataza kupora. Kesho yake, Jumapili, aliongoza ibada huku kichwa cha Livingstone kikiwa kimewekwa kanisani. Ni doa ambalo sifa zake haziwezi kulifunika.

Alikuwa ametuma pia ujumbe kwa Wajerumani upande wa Tunduru kuomba msaada, lakini haukufika kwa wakati. Umati alioutarajia haukuinuka. Askari doria wa Kiafrika walimpiga risasi karibu na Mulanje, akielekea mpaka wa Msumbiji. Wafuasi wake wapatao 40 walinyongwa au kupigwa risasi, wengine karibu 300 wakafungwa, na kanisa la Mbombwe likabomolewa kwa baruti. Kamwana naye, ingawa hakushiriki, alipelekwa uhamishoni visiwani na hakurudi hadi 1937.

Vita vilikwisha Novemba 1918 na dunia ikaendelea. Wapagazi waliosalia walirudi kwao, na kodi ya kibanda ikaendelea kudaiwa. Mwaka 1926 Dkt. Daniel Malekebu, aliyesoma udaktari Marekani, aliruhusiwa kuifungua tena misheni ya Mbombwe. Hadi leo, vita vikizuka Mashariki ya Kati au Ulaya, hawakosekani wahubiri wa kutangaza tarehe mpya. Swali ambalo Chilembwe alinyimwa nafasi gazetini, la nani hulipa gharama ya vita hivyo, huulizwa mara chache zaidi.