Anatoly Tarasov: Mwalimu wa pasi aliyeanza bila barafu

Ukipita Kariakoo alfajiri, lori la matikiti likishushwa, utaona vijana wamejipanga mstari. Wa juu anarusha, wa chini anadaka, anageuka, anarusha tena. Hakuna anayekimbia na tikiti lake. Mitaa hiyohiyo ndiyo yenye makao ya Simba, pale Msimbazi, na ya Yanga, pale Jangwani. Jioni watoto wakicheza chandimu jirani na hapo, kila mmoja anataka kupiga chenga peke yake.

Ndiyo maana leo tunamkumbuka Anatoly Tarasov, aliyezaliwa Moscow mwaka 1918. Mchezo wake ni mpira wa magongo wa barafuni: wachezaji sita kila upande, kipa akiwamo, wanateleza kwa viatu vya chuma wakipigania kisahani cha mpira mgumu. Wengi wetu barafu tunaijua ya kwenye soda tu, lakini pasi ni pasi.

Tarasov alianza kufundisha timu ya jeshi, CSKA, miaka ya 1940, kabla hajawaona Wakanada, wenye mchezo huo, wakicheza. Moscow haikuwa na ukumbi mkubwa wa barafu ya mashine hadi mwaka 1956. Kwa hiyo msimu wa joto timu ilijinoa juu ya ardhi kavu, kwa mbio, vyuma na kandanda. Alichota maarifa hata kwa wacheza dansi ya baleti. Wakanada walisifika kwa nguvu na mashuti. Yeye alidai pasi nyingi zaidi, na asiye na kisahani ajitafutie nafasi. Kwetu sisi, hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwani mchezaji asiye na mpira hupenda kusimama akitazama.

Akiwa na mwenzake Arkady Chernyshev, aliipa Urusi ya Kisovieti ubingwa wa dunia mara 9 mfululizo, mwaka 1963 hadi 1971, na dhahabu 3 za Olimpiki.

Alikuwa mkali, tena mbishi. Mei 1969 CSKA ilicheza na Spartak. Bao lao likakataliwa kwa sababu ya saa, naye akawatoa wachezaji uwanjani zaidi ya nusu saa, huku Brezhnev, kiongozi wa nchi, akitazama jukwaani. CSKA ilifungwa, na Tarasov akavuliwa cheo chake cha heshima cha ukocha. Baadaye alirudishiwa.

Aliiacha timu ya taifa mwaka 1972. Septemba hiyo, wachezaji aliowalea walikwenda Montreal wakawafunga Wakanada wa kulipwa 7-3, ingawa mwisho wa mechi 8 Kanada ilishinda mfululizo huo. Yeye hakuwa kwenye benchi.

Mwaka 1987, akikaribia miaka 70, klabu ya Vancouver ya Kanada ilimwita awasaidie kufundisha. Alifariki Juni 1995.