Hans Berger, Mtu Aliyeusikiliza Ubongo

Majina ya akina Newton na Einstein tumeyazoea kama ugali. Leo nawaletea bwana mmoja asiyetajwa sana madarasani, ingawa jambo aliloligundua linaendelea ndani ya fuvu la kila mmoja wetu, hasa siku ile karatasi ya mtihani inapogawanywa na tumbo kuanza kunguruma.

Hans Berger alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 huko Neuses, karibu na mji wa Coburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari, na babu yake mzaa mama alikuwa mshairi mashuhuri, Friedrich Rückert. Kijana mwenyewe alitaka kusomea elimu ya nyota. Alijiunga na chuo kikuu, akakaa muhula mmoja tu, akatoka na kwenda kutumikia jeshi la wapanda farasi kwa mwaka mmoja.

Siku moja mazoezini farasi wake alishtuka, akamwangusha chini puu! mbele ya mzinga uliokuwa ukikokotwa na farasi wengine. Mwendeshaji aliwahi kuusimamisha. Ilibaki kidogo tu apondwe. Siku iyo hiyo ikafika telegramu kutoka kwa baba yake, ikiuliza hali yake. Kumbe dada yake, aliyekuwa nyumbani mbali na hapo, alikuwa ameingiwa na hofu ya ghafla kwamba kaka yake yumo hatarini, akamsihi baba aulize. Mtu mwingine angesema ni sadfa, yakaisha. Berger hakuweza. Aliamini kwamba hofu yake ilisafiri kama nguvu fulani hadi kwa dada yake, akaamua kuitafuta nguvu hiyo. Akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Jena, akahitimu mwaka wa 1897, kisha akaajiriwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya chuo hicho, ambayo aliiongoza tangu mwaka wa 1919.

Nguvu ya kupeleka mawazo hakuipata. Alichokipata ni umeme. Tayari ilijulikana kwamba ubongo wa wanyama hutoa umeme, lakini ule wa binadamu hakuna aliyekuwa ameuandika kupitia fuvu. Si mchezo, maana umeme wenyewe hupimwa kwa sehemu za milioni za volti moja, na betri ya tochi ni jitu mbele yake. Mwaka wa 1924 alifaulu kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa akipasuliwa kichwa. Je, alikimbia kutangaza? Wapi! Alikuwa mtu wa mashaka. Alihofia kwamba labda anapima mapigo ya moyo, labda ni misuli, labda ni mtikisiko wa mashine. Akarudia na kurudia, hata mwanawe Klaus na bintiye Ilse wakafungwa waya kichwani, mpaka alipochapisha makala yake ya kwanza mwaka wa 1929. Miaka mitano!

Aliona nini? Mtu akitulia na kufumba macho, mawimbi makubwa ya polepole hutokea, kama 10 kwa kila sekunde. Haya aliyaita alfa. Mtu akifumbua macho, akishtuliwa au akipewa hesabu ya kichwa, alfa hufifia na kubaki mawimbi madogo ya haraka, beta.

Hapa ndipo watafiti wa wasiwasi walipopata mlango. Sisemi wasiwasi wa kawaida wa kabla ya mtihani. Nasema ule usiomwacha mtu usiku wala mchana, moyo ukimwenda mbio bila sababu, ambao mitaani huambiwa eti amerogwa au ni mwoga tu. Ikiwa alfa ni alama ya utulivu wa kuwa macho, je, mgonjwa huyu anayo? Tafiti kadhaa zimeona kwamba alfa yake huwa hafifu na beta huwa nyingi. Nyingine hazikuona hivyo, na wapo watu watulivu kabisa ambao alfa yao ni haba kwa maumbile. Kwa hiyo daktari hawezi kutazama mistari ile peke yake akasema fulani ana ugonjwa wa wasiwasi. Bado lazima akae naye amsikilize. Penye kifafa, hata hivyo, kipimo hiki ni msaada mkubwa.

Nyumbani Ujerumani wengi walimpuuza Berger. Nabii hana heshima kwao. Ni hadi mwaka wa 1934, Edgar Adrian na mwenzake Matthews walipoyaona mawimbi yale yale kule Cambridge, Uingereza, ndipo dunia ikageuka kumtazama.

Lakini jamani, tusimpambe. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba Wanazi walimwonea. Nyaraka zilizochunguzwa baadaye zimeonyesha kwamba alikaa katika mahakama ya Jena iliyoamua rufaa za watu waliotakiwa kufungwa uzazi kwa nguvu chini ya sheria ya mwaka wa 1933. Katika orodha ya magonjwa ya sheria hiyo kilikuwamo kifafa. Daktari aliyetumia miaka yote hiyo kuusikiliza ubongo alishindwa kumsikiliza mwenye ubongo. Mimi jambo hili linaniuma kuliko yote katika maisha yake.

Alistaafu mwaka wa 1938. Huzuni kubwa, ambayo ilikuwa imemwandama tangu zamani, ilimzidi, na mwaka wa 1941, akiwa na miaka 68, alijiua huko Jena. Adrian alikuwa amependekeza mawimbi yale yaitwe mdundo wa Berger. Jina lililoshika ni alfa, alilolitoa Berger mwenyewe.