Helen Taussig, munganga aliyesikiliza moyo kwa vidole

Kuna watoto wanaozaliwa na moyo wenye kasoro, midomo na kucha zao zikiwa rangi ya bluu. Wakicheza kidogo wanachoka, wanachuchumaa ili wapate pumzi. Zamani wazazi wao walikuwa wanangoja kifo tu. Leo, ku inchi nyingi, watoto wa namna hiyo wanapasuliwa, wanakomaa, wanazaa. Mwanamke mmoja wa Marekani alisaidia sana kufungua njia hiyo. Ni yeye pia aliyeonyesha kwamba mtu akishapasuliwa moyo, kazi ya munganga haijaisha.

Helen Taussig alizaliwa tarehe 24 Mei 1898 katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Alikuwa na miaka 11 wakati kifua kikuu kilimuua mama yake. Ku masomo aliteseka juu herufi zilikuwa zinamchanganya. Baba yake, profesa wa uchumi ku Chuo Kikuu cha Harvard, alikaa naye kwa uvumilivu mpaka akajua kusoma vizuri. Alipotaka udaktari, Harvard haikuwa inawapa wanawake diplome hiyo. Akaenda Boston, kisha Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, akamaliza mwaka wa 1927. Mwaka wa 1930 akawekwa kuongoza kliniki ya moyo ya watoto.

Hapo ndipo masikio yakaanza kumuacha. Munganga wa moyo asiyesikia moyo, atafanya namna gani? Taussig alijifunza kusoma midomo ya watu, na akawa anaweka vidole ku kifua cha mtoto ili ahisi mapigo.

Akagundua kitu. Ndani ya tumbo la mama, kila mtoto ana mshipa mdogo unaounganisha mshipa mkubwa wa mwili na ule wa mapafu. Kwa kawaida unafungika kisha kuzaliwa. Lakini watoto wa bluu ambao mshipa huo ulibaki wazi walikuwa na nafuu, juu damu nyingi zaidi ilifika ku mapafu kuchukua oksijeni. Ukifungika, hali yao inaharibika. Basi akawaza: kwa nini tusitengeneze njia kama hiyo kwa mikono?

Mwaka wa 1941, mpasuaji Alfred Blalock alifika Baltimore pamoja na msaidizi wake Vivien Thomas, Mmarekani mweusi ambaye umaskini ulimzuia kusomea udaktari. Thomas ndiye aliyejaribu kazi hiyo juu ya mbwa mpaka ikakubali. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alimpasua Eileen Saxon, mtoto wa mwaka mmoja na kidogo ambaye hakufika hata kilo 5. Thomas alisimama nyuma yake, akimuelekeza. Walichukua mshipa unaopeleka damu ku mkono, wakauunganisha na ule wa mapafu. Eileen alipata nafuu, lakini alikufa miezi kadhaa baadaye. Wengi waliomfuata waliishi.

Taussig hakuwaacha kwenye mlango wa hospitali. Aliandikiana nao barua, akawafuata mpaka utu uzima. Hata kisha kustaafu mwaka wa 1963, aliendelea kuandika namna walivyokuwa wanaishi miaka zaidi ya 20 kisha operesheni. Wengi walisoma, walifanya kazi, walijenga familia. Lakini tundu ndani ya moyo lilikuwa lingali pale. Operesheni ile iliongeza damu ku mapafu tu, haikutengeneza moyo wenyewe. Kuanzia 1954, mpasuaji Lillehei wa Minneapolis alipoanza kuutengeneza kwa ndani, wagonjwa wengi wa zamani walipasuliwa tena.

Hata moyo uliotengenezwa hivyo unabaki na alama. Mara nyingi kilango cha kuelekea mapafu kinavuja: damu inarudi nyuma, chumba cha kuume kinapanuka polepole, miaka 20 au 30, na mtu hasikii kitu. Kisha mapigo yanavurugika, miguu inavimba, pumzi inakatika ku mlima ambao jana alikuwa anaupanda.

Mwaka wa 1965 Taussig akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha moyo cha Marekani. Alikufa kwa ajali ya gari tarehe 20 Mei 1986, siku 4 mbele ya kutimiza miaka 88.

Basi, kama ulipasuliwa moyo ukiwa mtoto, au kwenu kuko mtu kama huyo, kovu kavu isiwadanganye. Aonekane na munganga wa moyo mara kwa mara, hata akijisikia mzima. Mama apimwe mbele ya kubeba mimba. Meno yatunzwe, juu vijidudu vya mdomoni vinaweza kufika ku moyo. Karatasi za operesheni zichungwe vizuri. Na kama mshipa wa mkono mmoja ulitumiwa, wapime tansio ku mkono mwingine: ule wa kwanza utaonyesha namba ya chini isiyo ya kweli.