John Eccles na Amri za Neva kwa Msuli

Katika nyika za Voi, kanga hutembea na kukimbia ardhini kutwa nzima, akaruka kwa muda mfupi tu anaposhtuliwa. Amlaye huyaona hayo katika nyama: ya paja ni nyekundu, ya kidari ni nyeupe. Paja lina vimeng'enya vingi vya kuchoma chakula kwa oksijeni, taratibu na kwa muda mrefu. Kidari kina zaidi vile vinavyovunja upesi sukari ya akiba bila kuingoja oksijeni. Misuli ya binadamu nayo imechanganya aina hizo mbili, na apandaye kwa miguu kutoka Mwatate hadi Wundanyi huitegemea zaidi ile ya kwanza. Lakini ni nini kiuamuruo msuli uwe wa aina hii au ile? Aliyelifungua fumbo hilo ni John Carew Eccles, ingawa nusu ya jibu ilimponyoka.

Eccles alizaliwa Melbourne, Australia, tarehe 27 Januari 1903. Alisomea udaktari, na mwaka 1925 akaenda Oxford kufundishwa na Charles Sherrington. Kwa miaka mingi alibishana na Henry Dale. Dale alishikilia kwamba neva hupitisha ujumbe kwa kemikali. Eccles alisema ni kwa umeme. Akiwa New Zealand alikutana na mwanafalsafa Karl Popper, aliyemfunza kwamba si aibu kwa mwanasayansi nadharia yake kubatilishwa. Funzo hilo lilijaribiwa upesi. Mwaka 1951, mjini Dunedin, yeye na wenzake waliingiza kijibomba chembamba mno cha kioo ndani ya seli ya neva katika uti wa mgongo wa paka. Vipimo vikampa Dale ushindi. Eccles akaiacha nadharia yake, akawa mtetezi wa kemikali. Mwaka 1963 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Hodgkin na Huxley.

Jaribio linalohusu misuli lilifanyika Canberra, likatangazwa mwaka 1960. Eccles, Arthur Buller na Rosamond, bintiye Eccles, walikata neva mbili za mguu wa paka: ya msuli wa shavu la mguu, ulio mzito kujikunja, na ya msuli mwepesi wa kukunja vidole. Wakaziunga kwa kuzipishanisha. Neva zilipoota upya, msuli mzito ukawa mwepesi, na mwepesi ukawa mzito. Mwaka 1966 Romanul na Van der Meulen walionyesha kuwa hata vimeng'enya hubadilishana.

Eccles na wenzake walidhani kuna kemikali itiririkayo ndani ya neva hadi msulini. Hapo historia ilimfanyia mzaha. Mwaka 1969 Salmons na Vrbová waliisisimua misuli myepesi ya sungura kwa mapigo ya umeme ya polepole yasiyokoma, nayo ikawa mizito. Mapigo yenyewe, basi, hubeba sehemu kubwa ya amri: huachilia kalsiamu ndani ya msuli, nayo kalsiamu huamsha jeni za vimeng'enya. Ndiyo maana mkata mkonge wa Mwatate akikatwa neva ya mkono, msuli wake hunywea ijapokuwa panga halikuugusa.

Eccles aliondoka Canberra mwaka 1966, akafanya kazi Chicago na Buffalo, kisha akastaafu Uswisi mwaka 1975. Huko aliandika zaidi kuhusu ubongo na nafsi. Alifariki tarehe 2 Mei 1997.