Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, Mwalimu wa Hisabu za Haki

Wengi katika sisi, wasikiapo neno aljebra, hudhani kuwa ni elimu iliyozaliwa Ulaya. Kumbe asili yake ni al-jabr, neno la Kiarabu lililomo katika jina la kitabu cha Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Basi yafaa, ndugu zetu, tuijue habari ya mtu huyu.

Alizaliwa yapata mwaka 780. Lakabu yake yamnasibisha na Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kazi zake alizifanya Baghdad, mji ulioanzishwa na Khalifa Al-Mansur mwaka 762. Katika zama za Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hata 833, alikuwa mmoja wa wanazuoni wa Baitul-Hikma. Huko aliandika juu ya mwendo wa nyota, juu ya sura ya ardhi na miji yake, na juu ya tarakimu za Kihindi, ambazo ndizo asili ya hizi tuziandikazo leo.

Lakini Al-Ma'mun alimhimiza atunge kitabu kifupi cha hisabu zinazowahitajia watu katika mirathi, wasia, biashara, ugawaji na upimaji wa ardhi. Akakitunga. Hakuona haya kuishusha elimu yake mpaka sokoni na penye ujira wa kibarua.

Katika mlango wa muamala alibainisha kuwa kila biashara ina hisabu nne: kipimo kinachojulikana, bei yake, kipimo kinachotakiwa, na thamani yake. Tatu zikijulikana, ya nne hupatikana. Alitoa mfano wa mtu aliyeajiriwa kwa dirham 10 kwa mwezi, akafanya kazi siku 6 tu. Zidisha 6 kwa 10, upate 60. Gawanya kwa siku 30 za mwezi. Ujira wake ni dirham 2. Siku zile ni humusi ya mwezi, na ujira nao ni humusi. Hiyo ndiyo nisba: kikipungua hiki, na kile hupungua kwa kadiri ile ile. Ajuaye kanuni hii hampunji mfanyakazi wake, wala yeye hapunjwi.

Sehemu kubwa ya kitabu aliiweka kwa wasia na mirathi. Tuchukue mfano wa kwetu. Mtu amefariki, na baada ya kulipwa madeni yamebaki faranga 320,000. Ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke apata thumni, yaani 40,000. Zilizobaki 280,000 hufanywa mafungu manne: mwana apata mawili, 140,000, na kila binti moja, 70,000. Ukizijumlisha zote, hurudi 320,000 kamili. Mgawaji asiyejua nisba aweza kumdhulumu yatima pasipo kukusudia, na ugomvi wa ndugu ukadumu miaka.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850, lakini elimu yake haikuzikwa naye. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu chake cha al-jabr kwa Kilatini katika mji wa Segovia, Hispania, na Ulaya ikajifunza kwacho. Hata neno algorithimu, litumikalo leo katika kazi za kompyuta, limetokana na jina lake.

Enyi wazazi, watoto wetu wasione kuwa hisabu ni somo la dunia tu, lisilo na uhusiano na dini yao. Fungu la mjane, haki ya yatima na ujira wa kibarua, vyote vimo ndani ya hisabu. Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Khwarizmi, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa watu wa mizani iliyo sawa. Amin.